Mkono wa Mwenyewe

Nchi yenyewe sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Mara ya mwisho nililiandika jina lake kwenye fomu, nikakosea herufi moja, nikafukuzwa dirishani, na tangu siku hiyo mimi na nchi yangu hatutajani. Ila ukiisikia utaijua. Ni nchi nzuri, ina bendera, ina wimbo, na jua linamtosha kila mtu bila ubaguzi.

Huko kwetu kuna sheria moja kongwe kuliko zote. Karatasi zilikuja baadaye na hakuna anayeziamini. Sheria inasema neno likishashikwa mkono limekwisha. Ukiuza mbuzi, ukioa, ukiajiri mwalimu, ukijenga daraja, mnatazamana, mnapeana mikono, basi. Hata ukisaini madaftari mazima, kama hamjashikana mikono umechafua karatasi tu. Na mkono ukishashikwa, hakuna hakimu wa kukutoa humo.

Shida ikaja tulipompata Mwenyewe. Mwenyewe ndiye mkuu wa nchi. Majina yake ni mengi, yanasomwa redioni kila asubuhi kabla ya bei za mazao, lakini sisi tunamwita Mwenyewe tu, kwa sababu ukiuliza kiwanja kile cha nani, lile ghorofa la nani, unajibiwa ni la Mwenyewe. Sasa Mwenyewe alikuwa na tatizo dogo. Hapendi kuguswa. Alisoma mahali kwamba kwenye kiganja cha mtu mmoja wanaishi wadudu wengi kuliko wapiga kura, na tangu hapo hakumpa mkono mtu yeyote.

Unaweza kuona ni jambo la kuchekesha. Daraja la mto mkubwa lilifika katikati likasimama, kwa sababu mkandarasi alishikwa mkono kwa nusu ya kwanza tu. Watu wakawa wanaenda kutembea mpaka linapoishia, wanatazama maji, wanarudi. Majaji sita walikaa miaka minne bila kuapishwa, wakawa wanafunga watu kwa majaribio. Balozi wa nchi jirani alishuka kwenye ndege mkono ameunyoosha, akaombwa asubiri kidogo, akasubiri mpaka muda wake wa ubalozi ukaisha akarudishwa kwao na mkono vile vile.

Kwa hiyo glavu zilipoletwa, serikali nzima ilipumua.

*

Zilizinduliwa uwanja wa taifa. Wizara ya Mguso ilikuwa imeundwa asubuhi ile ile, na waziri wake, Mheshimiwa Ngwali, alikuwa bado hajajua ofisi yake iko wapi.

Glavu yenyewe ni nyeusi, nzito, ina nyaya mgongoni kama mishipa ya mzee. Ndani, kila kidole kina vifuko vya hewa. Unaivaa pamoja na miwani mikubwa kama ya fundi wa kuchomelea, na kwenye miwani unamwona mtu aliye mbali kana kwamba kasimama mbele yako. Akikunyooshea mkono, nawe unaunyoosha wako, vile vifuko vinajaa, vinakubana pale pale ambapo mkono wake ungekubana. Na kwenye ncha za vidole kuna vidude vinatetemeka, ili ukipapasa ukuta ujue ni ukuta, ukipapasa ngozi ujue ni ngozi. Yaani mkono wako unadanganywa kitaalamu.

"Ndugu wananchi," akasema Mheshimiwa Ngwali, "nchi nyingine zimewapa watu wao barabara. Nauliza, barabara imewahi kukushika mkono? Zimewapa maji. Maji yanakushika? Yanapita. Serikali yenu imeamua kumshika mwananchi. Na itamshika popote alipo, hata akijificha."

Watu wakapiga makofi, lakini wote walikuwa wamevaa glavu, kwa hiyo hayakusikika. Kesho yake gazeti likaandika kwamba wananchi waliipokea hotuba kwa heshima na ukimya mkubwa.

Jambo moja tu lilikwama. Mwenyewe aliletewa glavu yake kwenye sinia akauliza imetengenezwa na nini. Wakamwambia, na mikono ya watu. Akasema iondoeni.

Wanasheria wakalala mezani siku tatu, wakaamka na jibu. Sheria inataka mkono uonekane. Kwenye miwani ataonekana Mwenyewe, na suti yake, na tabasamu lake. Mkono wenyewe unaotoka upande wa pili unaweza kuwa wa mtu yeyote. Wa kwanza kuutoa akawa Mheshimiwa Ngwali.

Na mahali pa kwanza kuujaribu pakawa kwetu, Mwambani.

*

Mwambani ni kilima cha mawe. Kaya mia nne, na kila kaya inagonga kokoto kwa nyundo, tangu babu zetu. Malori yanakuja, yananunua, yanaondoka. Lakini dereva hapakii kabla hajapita kwa mama yangu.

Mama yangu ni Bi Siwatu. Usoni hakutazami. Anakushika mkono, anapitisha gumba lake kwenye kiganja chako taratibu, kama mtu anayesoma, halafu anawageukia watu. Anasema "mpeni" au anasema "mrudisheni alikotoka." Hajawahi kukosea. Mwenye kiganja laini hapewi hata debe. Kwetu tunaamini mtu ambaye mkono wake haujawahi kumuuma hawezi kujua bei ya jiwe. Mama akishika, Mwambani nzima imeshika. Mama akiuachia mkono, hata ulie hapo mpaka jua lizame.

Serikali ilikuwa inakitaka kile kilima. Mwekezaji mmoja alikiona kwenye picha akakipenda. Mara tatu walikuja maofisa kuomba tuhame, mara tatu mama aliwashika akawarudisha walikotoka. Sasa wakaja na glavu. Wakamvika mama ile miwani, akamwona Mwenyewe huyo mbele yake, anacheka, anatoa mkono. Mama akaushika. Akaenda na gumba, akarudi na gumba. Akavua glavu.

"Huyu hajawahi kufua hata leso," akasema.

"Bi mkubwa, huyo ni Mwenyewe," ofisa akamnong'oneza.

"Basi Mwenyewe ana mkono kama andazi lililolala."

Wangemkamata palepale. Ila mkuu wa polisi wa wilaya alikuwa hajapewa mkono wa kazi yake, kwa hiyo kisheria alikuwa mpita njia tu.

*

Mimi naitwa Shomvi. Shule niliacha darasa la tano, na tuliachana kwa amani: mwalimu alisema huyu hawezi kukaa, nikamwambia umesema kweli, nikatoka. Tangu siku hiyo nagonga mawe. Nilikuwa nauza rundo langu barabarani, chini ya kilima, gari la Wizara likasimama. Akashuka mama mfupi ana kalamu nne kifuani, anaitwa Injinia Rukonge.

"Nyoosha mkono," akasema.

"Unanunua kokoto au unanunua mkono?"

"Nyoosha kwanza."

Nikanyoosha. Akaupima kwa futi, akaubonyeza, akaukwaruza kwa kalamu.

"Umewahi kuumia?"

"Leo?"

Akaandika. "Sugu ngapi?"

"Sijahesabu. Wewe unahesabu meno yako?"

"Thelathini," akasema. "Mawili niling'oa." Akanifungulia mlango wa gari.

Nikapelekwa mpaka kwa Mheshimiwa Ngwali. Amekaa nyuma ya meza kubwa, amevaa glavu nyeupe za kitambaa, zile za gwaride. Akanieleza bila kuzunguka. Nchi ina uhaba wa mkono. Wanataka mkono wenye sugu, mwananchi akiushika asikie mtu. Mimi nitakaa chumbani nimevaa glavu, watu watakuja mmoja mmoja huko waliko, nami nitawapa mkono. Cheo changu ni Kiganja cha Taifa, Daraja la Pili.

"Daraja la Kwanza ni la nani?"

"La Mwenyewe."

"Si hatoi mkono?"

"Ndiyo maana ni la kwanza."

Mimi sikusoma, lakini si zuzu. Nikamwambia, "Mheshimiwa, nyie mnakitaka kilima chetu. Sitaki mkono wangu uingie huko."

Akacheka, akanyanyuka, akazunguka meza. "Kijana, hii ni salamu tu. Watu wamekaa miaka hawajasalimiwa na serikali yao. Kwani salamu inabomoa nyumba?"

"Mwambani haiguswi?"

"Haiguswi."

"Nipe mkono."

Akanipa. Nikaubana hasa, tukatikisa mara tatu kama inavyotakiwa, na Injinia Rukonge akiwa shahidi. Halafu na mimi nikampa wangu, kwamba chochote mkono huu utakachopokea kazini ni cha serikali. Nikaona hiyo haina shida. Mtu anapokea nini kwenye salamu zaidi ya joto.

Nilitoka pale natembea kifua mbele. Nikajiona nimekilinda kilima kuliko baba yangu alivyoweza.

*

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi mpaka inatia aibu. Chumba kina kiti, glavu na feni. Miwani mimi sikupewa. Nilipouliza, Injinia Rukonge akasema mkono hauhitaji macho. Sauti nayo hakuna. Huko kwa wananchi Mwenyewe anaonekana, maneno anayasema Mheshimiwa Ngwali kwa sauti ya kuigiza, mkono natoa mimi. Mtu mmoja alikuwa amegawanywa kwa watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa yeye.

Taa nyekundu ikiwaka, nanyoosha. Nakuta mkono wa mtu. Ile glavu inafanya kazi pande zote mbili, wananihisi na mimi nawahisi. Nimeshika mikono ya nchi hii kuliko mtu yeyote aliye hai. Wapo wanaoshika kama wanaokota kitu cha moto. Wapo waliong'ang'ania mpaka taa ikazima. Mmoja alinihesabu vidole, akarudia kuhesabu. Mmoja alikuwa anatetemeka, nikamshika taratibu mpaka akatulia, na sikujua ni mwanamke au mwanamume wala anaomba nini. Jioni narudi kwenye bweni la Wizara nimechoka, lakini nimechoka vizuri, kama mtu aliyefanya jambo.

Na nchi ikaanza kwenda. Daraja likashikwa mkono kwa nusu ya pili. Majaji wakaapishwa, wakagundua watu waliowafunga kwa majaribio sasa wamefungwa kweli. Magazeti yakasifu mkono wa Mwenyewe. "Sugu za Mwenyewe: kumbe analima kwa siri," likaandika moja, na chini yake picha amesimama karibu na jembe. Karibu tu. Jembe lilikuwa limeshikwa na mlinzi.

Nilijisikia fahari, nisiseme uongo. Nilikuwa naangalia ile picha nasema moyoni, sugu hizo za Mwambani.

Siku moja Injinia Rukonge akaja mwenyewe kunifunga glavu. Kawaida anatuma mtu. Akazikaza kamba polepole, hanitazami.

"Leo Mwambani," akasema.

"Kwetu?"

"Salamu."

"Waziri alinipa mkono," nikamkumbusha.

"Nilikuwepo," akasema. Akaangalia kalamu zake, akachagua moja, hakuandika kitu, akatoka.

Taa ikawaka. Nikanyoosha. Mkono wa kwanza kuingia ulikuwa mdogo, mgumu kama kifuu, na gumba likaanza kutembea kwenye kiganja changu taratibu, likipanda, likishuka.

Mtoto hakosi kumjua mama yake. Likafika kwenye kidole cha shahada, pale kilipopinda. Hicho kidole nilikipiga nyundo nikiwa na miaka kumi na mmoja, na mama ndiye aliyekirudisha, kwa mkono wake, huku ameuma khanga yeye badala yangu. Alikirudisha vibaya kidogo. Gumba likasimama hapo. Likakaa.

Amenijua. Nilitaka kucheka peke yangu pale chini ya feni. Miezi mitano sijamwona. Nikawaza, sasa anajua mwanawe kafika wapi, sasa anajua kilima kina mtu wake huku ndani. Nikahisi vidole vyake vinalegea, anataka kuondoka, nikaona mapema mno, sijashiba. Nikambana. Nikambana kwa mkono wote, kwa mapenzi yote niliyokuwa nayo. Akatulia. Akanitikisa mara tatu, akaenda.

Baada yake wakaja mbio mbio, mmoja baada ya mwingine, mikono mia nne. Niliwajua wengi. Mzee Ngoda asiye na kidole cha mwisho. Mapacha wa kwa fundi. Kila aliyekuja nilimbana kidogo, kama mtu anayewaambia nipo, msiwe na wasiwasi. Ilikuwa siku yangu nzuri kuliko zote kazini.

*

Nikaomba ruhusa ya wiki moja, nikanunua sukari na majani ya chai, nikaenda nyumbani kupokewa.

Kilima nilikiona kutoka mbali, kimekatwa upande. Katapila mbili ziko juu, pale palipokuwa kwetu. Watu wamekaa barabarani juu ya vitu vyao: magodoro, ndoo, kuku wamefungwa miguu. Nyundo zimerundikwa pamoja kwa sababu hakuna aliyejua azipeleke wapi.

Mzee Ngoda, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyenipokea.

"Karibu, Mheshimiwa," akasema. "Tulikuwa tunakungoja."

"Mzee, nini hiki?"

"Unaniuliza mimi? Mwenyewe alikuja kwenye miwani. Akasema tuondoke kilimani, tutapewa nyumba za matofali kule Tambarare, kila kaya na yake. Tukamwangalia mama yako. Mama yako akaushika mkono, akapitisha gumba muda mrefu kuliko kawaida, halafu akatugeukia. Akasema, 'mpeni.' Tukampa." Akajikuna shingo kwa vidole vyake vinne. "Mimi nilipoushika nikasema mbona mkono huu naujua, huu nilishawahi kuupiga kofi ukiiba mapera yangu. Lakini Siwatu kashasema. Nikaona basi, nchi imebadilika."

Mama alikuwa amekaa kwenye kinu, amekipindua. Nikamwendea na ule mfuko wa sukari mkononi. Akaniangalia kutoka miguuni mpaka kichwani.

"Umekula?" akaniuliza.

Nikasema nimekula. Sikujua pa kuuweka ule mfuko.

*

Tambarare ni tambarare kweli, katika hilo hatukudanganywa. Hakuna mti, hakuna jiwe, hakuna nyumba. Kuna lori la Wizara na kijana mwenye kipaza sauti, anagawa miwani na glavu, kila kaya jozi moja.

"Vaeni, ingieni majumbani mwenu," anasema. "Papaseni ukuta. Ni tofali la kuchoma. Papaseni na dirisha, lina kioo."

Watu wakavaa. Ungewaona mle uwanjani, watu mia nne wanapapasa hewa. Wengine wakafurahi, nisiwasingizie. Mke wa fundi alifungua na kufunga mlango wake mara nyingi, anasikia kitasa mkononi.

"Ukuta mzuri," akasema Mzee Ngoda, anainuka kutoka chini, anakung'uta vumbi. "Ila nimeuegemea."

Siku ya nne ikanyesha. Glavu zikaingia maji, kuta zikapotea zote kwa pamoja, wakabaki watu wamechuchumaa mvuani kila mmoja kwenye chumba chake.

Nikarudi Wizarani, nikaingia bila kubisha. Mheshimiwa Ngwali alikuwa anakula karanga, zile glavu nyeupe kazivua kaziweka kando ya sahani.

"Uliniahidi," nikamwambia. "Ulinipa mkono Mwambani haiguswi."

"Nilikupa kitambaa," akasema. Hata hakuacha kutafuna. "Nilikuwa nimevaa glavu."

"Na wao walikuwa wamevaa glavu."

"Yao inahisi, kijana. Ni kifaa cha serikali, kimepimwa. Hii yangu ni pamba. Pamba haihisi kitu, kwa hiyo hapakuwa na mkono." Akanisogezea sahani. "Kula karanga."

"Watu wanataka nyumba zao."

"Hilo tumelishughulikia. Tume imekaa." Akafungua faili, akasoma kwa sauti ya jukwaani, ingawa tulikuwa wawili tu. "Tume imechunguza kumbukumbu za glavu. Mkono ulioahidi nyumba una sugu kumi na moja na kidole cha shahada kimepinda. Mwenyewe hana sugu hata moja, na vidole vyake vimenyooka kama ilivyo sera yake. Kwa hiyo ahadi ile si ya Mwenyewe. Ni ya kijana Shomvi, mkazi wa Mwambani."

Nikakaa bila kukaribishwa. "Kama ahadi ni yangu, basi kilima walinipa mimi. Rudisheni."

"Wewe ulitupa mkono mtupu, bila kitambaa, kwamba utakachopokea ni cha serikali."

"Na nitakachotoa?"

Akaangalia faili, akafunua ukurasa, akaufunika. "Hilo hatukulizungumza," akasema.

Injinia Rukonge alikuwa amesimama mlangoni. Nikamtazama. Kalamu zake zote nne zilikuwepo. "Nilikuwepo," akasema tena, taratibu kabisa, na ikawa ndiyo hiyo tu, kama mtu anayeitikia mahudhurio.

*

Serikali haikunitupa, lazima niseme. Imenipa meza na kiti hapa Tambarare, na bati moja juu, na kibao: OFISI YA AHADI. Askari wawili wananilinda nisiende mbali na wadai wangu. Kila asubuhi watu wa Mwambani wanapanga foleni, kila mmoja aje adai nyumba yake kwa aliyemshika mkono, ndivyo sheria inavyotaka. Nawaandika. Ndiyo kazi ninayoweza.

Siku ya kwanza Mzee Ngoda alikuwa mbele.

"Mheshimiwa Mwenyewe, yangu iwe na baraza," akasema. "Na ukuta wa kuegemeka."

Watu wakacheka. Nikaandika baraza. Wa pili akataka choo cha ndani. Mapacha wakataka nyumba mbili mbali mbali, wamechokana. Walikuwa wananitania kama zamani, na mpaka mchana nikawa nimeanza kuzoea. Halafu mke wa fundi akafika mezani na mtoto anakohoa mgongoni, akasimama tu mpaka zamu yake ikaisha, na utani ukaishia hapo.

Mama alikuja siku ya tatu. Nilimwona tangu asubuhi, yuko nyuma kabisa, ameshika kiti chake kidogo cha kugongea mawe. Foleni ikisogea anakinyanyua, anasogea, anakaa.

"Siwatu, huyo si mwanao?" Mzee Ngoda akamwambia. "Pita mbele, bwana."

"Ndiyo maana nimepanga foleni," akajibu.

Kwenye saa nane hivi akafika. Hakukaa. Nikaishika kalamu nikashindwa hata kuuliza jina kama ninavyowauliza wengine. Nyuma yake watu walijifanya wanatazama mawingu.

"Mama," nikasema, chini chini, "ulinijua. Ulipofika kwenye kidole ulinijua. Si ungeuachia tu?"

Akanitazama usoni, yeye ambaye hamtazami mtu usoni.

"Nilikuwa nauachia," akasema. "Yule wa kwenye miwani alipotaja kuhama nikaanza kuuachia. Wewe ndiye uliyenibana."

Akachukua kiti chake, akasogea pembeni, akampisha aliyekuwa nyuma yake.